Kabla hujagawa nota: namna ya kumsimulia Handel kwa wanakwaya

Mara ya kwanza kuwafundisha wanakwaya wangu Haleluya ya Handel, nilisimama mbele yao na daftari. "George Frideric Handel," nikasoma, "alizaliwa tarehe 23 Februari 1685 katika mji wa Halle, Ujerumani." Nilipofika kwenye majina ya wazazi wake, besi wawili walishatoa simu, na mama mmoja wa sauti ya pili alishasinzia. Haki yake, alikuwa sokoni tangu alfajiri. Jioni ile tuliimba kama watu wanaosomewa taarifa ya mapato na matumizi.

Tangu hapo wimbo huo nimeufundisha kwa kwaya tatu, zote za usharika, zote zikiwa na mchanganyiko wa wanaosoma nota na wanaoshika kwa masikio. Ninachoandika hapa ni namna ninavyomsimulia yule mzee siku hizi. Mwalimu mwenzangu, chukua kinachokufaa.

Tenga dakika 15, zisizidi. Ziwe baada ya kupasha sauti na kabla ya kugawa nota, maana mwanakwaya akishashika karatasi hakusikii tena, anatafuta mstari wake. Daftari liache nyumbani. Kama huwezi kukisema kisa bila kusoma, bado hujakijua. Kakisimulie kwanza kwa watu wa nyumbani kwako wakati wa chakula, uone wanacheka wapi.

Wala usianzie Halle. Anzia Chester.

Novemba 1741, Handel ana miaka 56, amekwama katika mji wa Chester, Uingereza, anangoja upepo ugeuke apate meli ya kwenda Dublin, Ireland. Ana nota mpya za Messiah, utunzi mrefu wa waimbaji na vyombo wenye Haleluya ndani yake, ambazo hakuna aliyewahi kuziimba, na roho inamwasha kuzisikia. Anamuuliza mpiga kinanda wa kanisa kuu la pale kama kuna watu wanaoweza kuimba nota papo kwa papo. Anatajiwa kadhaa, mmoja wao besi aitwaye Janson, kazi yake mpiga chapa. Wanakutana kwenye nyumba ya wageni alikofikia. Wanafika pale pa "kwa kupigwa kwake sisi tumepona", Janson anapotea. Wanarudia, anapotea tena. Handel anawaka. Anamporomoshea matusi ya lugha nne au tano, kisha anafoka kwa Kiingereza chake chenye Kijerumani ndani: "Mshenzi wewe! Si uliniambia unaweza kuimba nota papo kwa papo?" Janson anajibu: "Naweza, bwana, ila si mara ya kwanza."

Kisa hicho kisimulie ukiwatazama besi.

Aliyekiandika ni Charles Burney, ambaye wakati ule alikuwa mwanafunzi pale Chester na baadaye akawa mwandishi mkubwa wa historia ya muziki. Anasema alimwona Handel kwa macho yake, anavuta kiko huku mbele yake kuna kahawa. Kwangu mimi kiko kile na kahawa ile vina kazi kubwa kuliko tarehe ya kuzaliwa. Wanakwaya wakishacheka, Handel ameshashuka kutoka kwenye picha ya wigi na kuwa mwalimu wa kwaya kama wewe, mwenye besi mmoja anayemtia presha. Hapo unaweza kuwapeleka popote.

Na picha, ukitaka kuonyesha, chagua vizuri. Wengi huonyesha ile ya bwana mnene mwenye wigi jeupe na nguo za dhahabu. Mimi hutafuta kwenye simu picha ya sanamu aliyoichonga Roubiliac mwaka 1738, Handel akiwa bado hai, ikawekwa kwenye bustani ya Vauxhall, London, ambako watu walikwenda kustarehe jioni. Amekaa kienyeji, kofia laini kichwani badala ya wigi, ndara miguuni. Ipitishe simu mkono kwa mkono. Kuna baba mmoja aliitazama akasema, "Kumbe alikuwa anapumzika nyumbani kama sisi." Basi, kazi imekwisha.

Sasa rudi nyuma, lakini kwa kuruka. Utoto wake una jambo moja tu linalowagusa wanakwaya: baba yake, kinyozi na mpasuaji wa mjini, alikuwa ameshapita miaka 60 mtoto alipozaliwa, na alitaka asome sheria. Katika kwaya yoyote kuna mtu aliyeambiwa muziki si kazi. Sema hilo, nyamaza kidogo, halafu mpeleke Hamburg.

Hamburg ninakwenda na kifungo kikubwa cha koti, cha chuma, nilichokinunua kwa mshona nguo. Tarehe 5 Desemba 1704 rafiki yake Johann Mattheson alikuwa anaongoza opera yake mwenyewe, yaani mchezo wa jukwaani unaoimbwa, tena anaimba ndani yake. Alipomaliza sehemu yake ya kuimba akarudi kukaa kwenye kinanda, akamkuta Handel amekalia kiti na hataki kutoka. Vijana hao, mmoja miaka 19, mwingine 23, wakatoka nje wakachomoleana panga mbele ya watazamaji. Upanga wa Mattheson ulimpiga Handel kifuani, ukagonga kifungo cha chuma cha koti, ukavunjika. Hapo nakitoa kifungo mfukoni. Hakuna nota ya Haleluya, hakuna Messiah, kama koti lile lingekuwa la vifungo vya mbao. Kabla ya mwaka kwisha walishapatana na kula pamoja. Kama mna wawili wanaogombea kipaza sauti, watakuelewa.

Hasira yake usiifiche. Alipokuwa mtunzi wa opera London, mwimbaji mpya kutoka Italia, Francesca Cuzzoni, alikataa kuimba wimbo aliouona mwepesi kwake. Inasimuliwa kwamba Handel alimwambia kwa Kifaransa kuwa anajua yeye ni shetani jike, lakini akumbuke kwamba Handel mwenyewe ni Beelzebuli, mkuu wa mashetani. Kisha akamshika kiunoni na kuapa atamtupa dirishani. Cuzzoni aliuimba wimbo, na ndio uliompa jina London. Mimi hiki kisa nakisimulia nusu nusu. Vijana wanakipenda mno, na mwalimu wa kwaya akianza kujiona ana ruhusa ya kufanya vile, kwaya inavunjika. Kwa hiyo nakiambatanisha haraka na maneno mengine ya Burney: kwamba uso wa Handel ulikuwa mzito na mchungu, ila akitabasamu ilikuwa kama jua linapopasua wingu jeusi. Na kwamba wigi lake kubwa lilikuwa na namna ya kutikisika muziki unapokwenda vizuri. Likitulia, wanamuziki walijua kuna jambo. Ongeza kuwa hadithi zake mezani zilimtaka msikilizaji ajue Kiingereza, Kifaransa, Kiitaliano na Kijerumani, kwa sababu alizichanganya zote katika sentensi moja. Sisi tunaochanganya Kichaga na Kiswahili na cha shule, huyu ni mwenzetu.

Kuna jambo lazima nilisimamie, maana lilinitia aibu. Miaka ile ya mwanzo nilikuwa nikiwaambia watu, bila kupepesa macho, kwamba tunasimama wakati wa Haleluya kwa sababu Mfalme George wa Pili alisimama Messiah ilipoimbwa London mwaka 1743. Kijana mmoja wa sauti ya tatu, wa kidato cha tano, akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Nani alimwona?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kutafuta, nikakuta kisa hicho kimeandikwa kwa mara ya kwanza karibu miaka 40 baada ya onyesho lile, na hakuna aliyekuwepo aliyeandika kwamba mfalme alikuwemo ukumbini. Wiki iliyofuata nilirudi nikakiri mbele ya kwaya.

Tangu siku ile natumia vikapu vitatu. Cha kwanza ni yale aliyoyaandika mwenyewe kwa mkono wake au yaliyochapwa siku zile zile. Cha pili, yale yaliyosimuliwa na mtu aliyekuwepo, kama Burney na kiko. Cha tatu ni ya waliosikia kwa waliosikia: mfalme kusimama, Cuzzoni na dirisha, mtumishi kumkuta analia na kusema ameona mbingu zote mbele yake. Sikatazi kusimulia ya kikapu cha tatu. Nasema tu "inasimuliwa". Neno hilo moja limeniokoa mara nyingi. Na tunasimama bado, kwa sababu tunapenda kusimama.

Katika kikapu cha kwanza kuna tarehe mbili ambazo wanakwaya watazikumbuka: 22 Agosti na 14 Septemba 1741. Ndizo alizoziandika Handel kwenye karatasi zake alipoanza na alipomaliza Messiah. Siku 24. Kurasa 259. Watu watasema "muujiza!", na mchungaji wenu, akiwepo, atasema hivyo kwa sauti. Usimpinge hadharani. Ila kabla hamjaachana ongeza kwamba siku chache baada ya hapo alianza utunzi mwingine mkubwa, Samson, na mwisho wa Oktoba alishaikamilisha rasimu yake. Ndivyo alivyofanya kazi. Maneno hakuyatunga yeye. Aliyeyapanga kutoka kwenye Biblia ni Charles Jennens, tajiri mwenye kujivuna, ambaye baadaye alilalamika kwa barua kwamba Handel ameitengeneza vizuri kiasi, lakini si vizuri kama alivyoweza na alivyopaswa. Mtu ameandika Haleluya na bado kuna mjumbe wa kamati haridhiki.

Halafu fanya jaribio hili, ndilo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Tafuta kwenye simu wimbo wa sauti mbili wa Kiitaliano uitwao "No, di voi non vo' fidarmi", alioumaliza tarehe 3 Julai 1741. Uunganishe na spika. Usiseme ni wa nani. Piga nusu dakika, kisha uliza: mnaujua? Waliowahi kuimba "Maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa" watatoa macho. Ni tuni ile ile, nota zile zile zinazokimbia. Sasa wape maana ya maneno ya Kiitaliano: "Hapana, siwaamini ninyi, Mapenzi kipofu, Uzuri katili."

Kwetu palichafuka. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa amepita kutusalimia alisema hawezi kukubali wimbo wa mapenzi uvalishwe kanzu uingie kanisani. Nikamwacha amalize, shikamoo yake haijapoa, siwezi kumkatiza. Mama mmoja wa sauti ya kwanza ndiye aliyejibu: "Baba, kwani wewe hujala kiporo?" Kwaya ikaangua kicheko, na mzee naye. Jibu la mama huyo sijapata zuri kulishinda. Handel alikuwa mla viporo mkubwa. Alichukua vyake, na vya watunzi wengine pia, bila kuomba. Ile tuni ya ushindi iliyomo katika utunzi wake Judas Maccabaeus, ambayo makanisa mengi huimbia Pasaka, kwanza aliitunga kwa ajili ya utunzi mwingine, Joshua, mwaka 1747, ndipo akaihamisha. Wapo wanaomwita mwizi kwa hayo. Mimi naangalia sufuria: viungo vya jana, chakula kipya.

Kula kwenyewe alikula. Mchoraji Joseph Goupy, aliyekuwa rafiki yake, alimchora mwaka 1754 kama nguruwe anayepiga kinanda, kakalia pipa, vyakula vimemzunguka. Hili liseme kwa kifupi tu. Kama mna mtu mnene kwaya nzima itamgeukia.

Dublin mpe muda. Onyesho la kwanza la Messiah, 13 Aprili 1742, mtaa wa Fishamble Street. Waimbaji walitoka kwenye kwaya za makanisa makuu mawili ya mji, na Januari ya mwaka huo Jonathan Swift, aliyekuwa mkuu wa Kanisa la St Patrick's, aligoma kuwaruhusu wanakwaya wake waende kuimba na alichokiita kikundi cha wapiga fidla. Baadaye walikwenda. Sisi tuliowahi kunyimwa ruhusa ya kwenda tamasha tunakijua kikao hicho kilivyokuwa bila kuambiwa. Tangazo la gazetini liliwaomba wanawake waje bila zile sketi zenye duara la ndani na wanaume waje bila panga, ili watu wengi zaidi waenee. Wakaenea 700. Fedha zilikwenda kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni. 142 walitoka gerezani.

Yupo pia Susanna Cibber. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani aliyekimbia London baada ya mumewe kumshitaki mpenzi wake mahakamani na mambo yao ya ndani kusomwa hadharani, magazeti yakala. Burney anasema sauti yake ilikuwa kama uzi na elimu yake ya muziki ndogo sana. Huyo ndiye Handel aliyempa "Alidharauliwa na kukataliwa na watu". Inasimuliwa kwamba alipomaliza, mchungaji mmoja, Delany, alisimama ukumbini akapaza sauti: "Mwanamke, kwa hili na usamehewe dhambi zako zote!" Nikifika hapa sisemi chochote cha ziada. Katika kila kwaya yupo mwenye sauti ya uzi anayejificha nyuma, na yupo anayesemwa vibaya mtaani. Wakati mwingine ni mtu mmoja.

Kuna swali litakuja, na likija usilikwepe. Handel alikuwa mtu wa hisa, mjanja wa fedha. Alipokufa aliacha karibu pauni 20,000, nyingi kwa wakati ule. Vitabu vya hesabu vinaonyesha jina lake mwaka 1720 miongoni mwa wenye hisa za Royal African Company, kampuni iliyowatoa Waafrika pwani ya magharibi na kuwauza utumwani ng'ambo ya Atlantiki. Huyo huyo miaka 30 baadaye aliwapa kinanda watoto waliotupwa waliolelewa Foundling Hospital ya London, akawa mmoja wa wasimamizi wake, akawa anaimbisha Messiah pale kuwachangia, na katika wosia akawaachia nakala ya nota. Nilipoyasema yote mawili, sikujaribu kuyapatanisha. Jioni ile besi wangu mmoja alikaa chini akaimba kwa kunong'ona, kisha hakuja mazoezini kwa wiki mbili. Aliporudi hakueleza, nami sikumuuliza. Alichukua nafasi yake ya kawaida karibu na dirisha.

Macho ya Handel yaache yawe ya mwisho. Tarehe 13 Februari 1751, akiandika utunzi wake Jephtha, alisimama katikati ya wimbo wa kwaya unaosema amri za Bwana ni za giza, akaandika pembeni kwa Kijerumani kwamba amefika hapo na hawezi kuendelea kwa sababu ya jicho la kushoto. Karatasi hiyo ipo, na mwandiko unaonyesha taabu. Baadaye alipofuka kabisa. Mmoja wa waliomgusa macho ni John Taylor, tabibu mpenda sifa aliyekuwa amempasua pia Bach mwaka 1750. Watunzi hao wawili walizaliwa mwaka mmoja, nchi moja, hawakuonana hata siku moja, wakapita mikononi mwa mtu yule yule. Kipofu, Handel aliendelea kupiga kinanda mbele ya watu kwa kumbukumbu. Tarehe 6 Aprili 1759 alihudhuria Messiah ukumbini Covent Garden. Tarehe 14, Jumamosi kabla ya Pasaka, akafariki nyumbani kwake Brook Street.

Ukimaliza hapo usiombe maswali. Gawa nota. Fungua Ufunuo 19:6, mtu mmoja asome, "Haleluya, kwa kuwa Bwana, Mungu wetu, Mwenyezi, amemiliki," kisha toa sauti ya kuanzia.

Na kuna pale karibu na mwisho, baada ya haleluya zile za kufuatana mbio, ambapo wote wananyamaza ghafla kabla ya Haleluya ya mwisho iliyo ndefu. Utawaonya mapema, utainua mkono juu, utafumba macho, na bado besi mmoja ataingia peke yake kwenye ukimya ule. Usimfokee. Mwite Janson. Mara ya pili huwa anangoja.